Siku Chumvi Aliposema Bila Kukuza

Walimwita Chumvi kwa sababu hakuna habari iliyopita mdomoni mwake bila kutiwa chumvi. Kila alipotoka shule alitupa mkoba kwenye mlango wa chumba cha kushonea cha shangazi yake na kutangaza, "Shangazi, nakufa kwa njaa. Jua la leo limekausha hata wino kalamuni."

Shangazi, ambaye hakuondoa macho kwenye sindano ovyo, alimjibu, "Haya maiti, kanawe mikono ule."

Mwalimu wa Kiswahili naye alimpenda kwa maneno hayohayo. Alipofundisha chuku, yaani kukuza jambo kupita kiasi ili linoge au lichekeshe, mifano yote aliichota kwa Chumvi.

Asubuhi moja Chumvi akashika tumbo darasani. "Mwalimu, tumbo linaniua."

Darasa zima likaangua kicheko. "Chuku safi kabisa hiyo," mwalimu akasema, akaendelea na somo. Chumvi akainamia dawati, machozi yakimlengalenga.

Alifika nyumbani akijikokota. Mkoba aliuweka chini taratibu. "Shangazi, tumbo linaniuma. Hapa, upande wa kulia."

Cherehani ikanyamaza. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Shangazi akaliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Daktari alipomuuliza, Chumvi nusura aseme kuwa visu elfu vinamchanja. Akajizuia. "Maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia hapa. Nikitembea yanazidi. Nimetapika mara moja."

"Umenirahisishia kazi," daktari akasema. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na jioni ileile wakamfanyia upasuaji.

Kesho yake mwalimu alikuja kumwomba radhi. Alipoondoka, Chumvi akamgeukia shangazi. "Wenzangu walicheka. Wewe ulijuaje?"

"Wewe kila siku unakufa kwa njaa, kwa kiu, kwa jua. Ulipokuja ukasema 'linaniuma' tu, nikajua leo si chuku." Shangazi akamtengenezea shuka. "Chuku usiiache mwanangu, hadithi zako ndizo zinazonichangamsha kazini. Ila ukiumwa, useme kama ilivyo: wapi, tangu lini, kiasi gani. Anayekutibu anahitaji ukweli ulio sawasawa, usiozidi wala kupungua."

Chumvi akaushika mkono wa shangazi uliojaa alama za sindano.

"Nakushukuru mpaka mbinguni, Shangazi," akasema, na safari hii aliona hata mbingu ni karibu mno kwa shukrani aliyokuwa nayo.