Kifo Kwenye Tangi la Magadi

Maiti ya Nicodemus ilikuwa kifudifudi ukingoni mwa tangi, mkono mmoja umening'inia ndani. Saa mbili asubuhi, na jua la Ganjoni lishaanza kuchoma. Inspekta Sidi Kahindi alijifunga leso puani. Maiti ya tatu wiki hii, na miguu inamuuma. Kazi gani hii, jamani!

"Gesi," alisema daktari wa polisi. "Ile inukayo yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena. Hapo ushakwisha."

Tangi lilipokea maji taka ya maghorofa ya jirani. Tope lake lilitiwa magadi, likalainika usiku kucha, kisha likasukumwa kwenye mtungi uliozibwa, lichache na kutoa gesi. Bila magadi gesi ilikuwa haba. Kwa magadi, iliwasha majiko yote ya jiko la pamoja, ng'ambo ya ua. Nicodemus alikuwa msimamizi, na Wanza ndiye aliyetia magadi.

Konstebo Ronald alishamfunga Wanza pingu.

"Kakosea vipimo huyu, afande. Saa nane tunampeleka kortini."

"Ulitia nini?" Sidi alimuuliza.

"Magadi, gunia moja, kama kila jioni. Haki ya Mungu! Afande, mwanangu ana miezi minne. Hajanyonya tangu alfajiri."

Sidi alichovya karatasi ya kupimia topeni. Tope la magadi huigeuza buluu. Hii ilitoka nyekundu.

"Kuna aliyetia asidi," alisema daktari. "Magadi huizuia ile gesi ya sumu topeni. Asidi ikiingia, yote hufoka kwa mpigo."

"Basi katia yeye," alisema Ronald.

Sidi hakuwa na nguvu ya kubishana. Hadi saa sita alikuwa amehoji watu tisa, na wote hawakuona kitu. Wanza alikuwa bado garini, kifua kimelowa maziwa. Njaa ikamvusha Sidi ua hadi jiko la pamoja, kwa Mzee Chirau, mpishi wa harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Uso wako wasema hujala."

Alimpakulia pilau na kachumbari. Sidi akaonja. Ndimu tupu.

"Siki iko wapi, mzee wangu?"

"Imekwisha."

Mlangoni palikuwa na madumu matatu ya siki, matupu, yamesuuzwa. Na rafu ya achari, ile inayojulikana mji mzima, haikuwa na chupa hata moja mpya.

"Nikuulize la jikoni. Maharage yakizidi magadi, hutiwa nini?"

"Siki kidogo. Huyakata..."

Mwiko ukasimama.

"Lini, mzee?"

"Alfajiri, nilipotoka msikitini." Alijibu kama mtu anayetua mzigo. "Kumbe Nicodemus naye huamkia kazini."

"Kwa nini?"

"Pilau ya choo! Ndivyo waitavyo chakula changu. Shekhe alisema haina neno, moto ni moto. Nani alimsikia? Ijumaa nilimwoza kitindamimba wangu. Masinia kumi na mawili yalikwenda kwa wakwe, yakarudi yamejaa. Ati wameshiba! Mwanangu alilia ndani ya shela. Miaka arubaini napika, sijaaibika vile."

"Ukaamua kuua?"

"La hasha! Nilitaka moto uzime, nirudie makaa yangu. Nilimwona Wanza kila jioni na gunia lake. Nikasema, kama magadi ndiyo yafunguayo gesi, siki itaifunga. Mimi najua chungu, mwanangu. Sikujua ya tangi."

"Na Wanza? Ulimwona akifungwa pingu."

"Niliogopa," alisema mzee. "Nimeona haya, lakini niliogopa zaidi."

Sidi alichukua simu. "Ronald, mfungue huyo mama. Mpeleke kwake sasa hivi, kwa gari letu."

Mzee Chirau aliketi juu ya dumu moja. Machozi yakaanza kumtoka, hata hakuyafuta.

"Nicodemus alikuwako harusini," alisema. "Yeye peke yake alikula. Akamaliza sahani, akaniomba ukoko."

Sidi aliitazama sahani yake. Akala mpaka punje ya mwisho, akanawa mikono, akaikausha kwa leso. Ndipo akatoa pingu.