Gari Jekundu la Ndugu Gracien

Kila siku ya soko, mama yangu Capitoline huamka saa kumi na moja alfajiri. Tunaishi mtaa wa Songo, mjini Uvira. Yeye hununua nyanya kwa wakulima wa Kiringye, kule kwenye bonde la Ruzizi, halafu huziuza sokoni. Asubuhi moja alikuwa amekaa uani akichambua nyanya zilizopondeka, kwa sababu dereva wa lori alikuwa amezirundikia magunia ya mihogo. Ndoo mbili nzima zilikuwa za kutupa.

"Ile lori haina huruma," alisema mama. "Lakini basi. Wiki hii tunanunua gari yetu, na weye ndiye utaendesha."

Mimi ni Ornella. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane mwezi wa pili, nilikuwa na leseni ya kuendesha, na nilikuwa na kichwa kigumu ambacho sikuwahi kukificha. Mtaani walisema msichana hataiweza barabara ya Kiringye. Niliwajibu kwamba mashimo hayaulizi jina la dereva.

"Sawa, mama. Lakini gari nachagua minye," nilisema nikijigusa kifua. "Nani ataikalia kila siku?"

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Chagua. Ila feza iko ya gari moja tu. Ukikosea, tunarudi kwa ile lori."

Magari tuliyoweza kuyamudu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mwalimu Habonimana wa Kiringye. Lilikuwa la kijivu, la zamani, mlango mmoja umebonyea, lakini viti vyake vya nyuma vilikunjwa ili kupata nafasi ya mizigo. La pili lilikuwa la ndugu Gracien, kiongozi wa kwaya kanisani kwetu. Hilo lilikuwa jekundu, linang'aa, lina redio na vitambaa vipya vya viti. Bei zilikaribiana. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwenye lile jekundu.

Jean-Berchmans, fundi wa magari aliyenifundisha kuendesha, hakupendezwa.

"Chukua ya mwalimu," alisema. "Minye naijua. Mafuta ya injini anabadilisha kwa wakati, na pneu, matairi yote manne, ziko nzima. Ile nyekundu siijui, na mwenyewe hataki niifungue."

"Weye unapenda magari mabovu kwa sababu yanakuletea kazi," nilimjibu.

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. "Rangi, kila mutu anaiosha," alisema. "Weye angalia mahali hakuna mutu anaosha. Vuta mukanda wa kiti mpaka mwisho. Toa pneu ya akiba, uangalie chini yake."

Nilimwambia kwamba ndugu Gracien huimba mbele ya kanisa kila Jumapili, hawezi kutudanganya. Ndivyo tulivyo kwetu. Ukinunua kitu kwa ndugu wa kanisa, hukipekui. Kukipekua ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Mnaomba pamoja, mnakunywa fanta, biashara imekwisha.

Jumapili, baada ya ibada, gari jekundu lilikuwa uani kwetu. Tonton Térence, kaka yake mama, alikuwa ameshapanga viti vya plastiki na kualika wanakwaya. Soda zilikuwa mezani. Kilichobaki ni maombi, halafu mama atoe bahasha yake.

Jean-Berchmans naye alikuja. Alisimama karibu na lango, mikono mfukoni, akinitazama. Nikasema moyoni, leo huyu nitamwaibisha. Nitafanya yote aliyoyasema, hapa mbele yake, aone kwamba gari ni zima, kisha aende zake.

Niliingia ndani nikavuta mkanda wa usalama. Mwanzo wake ulikuwa mweusi na safi. Nikaendelea kuvuta hadi ukagoma. Sehemu ya mwisho, ile inayojikunja ndani ambako haionekani, ilikuwa imekakamaa kwa tope kavu.

Nilishuka, nikaenda nyuma, nikanyanyua tairi la akiba. Chini yake kulikuwa na mchanga mwembamba na makombe madogo ya konokono, yale watoto wanayookota ufukweni mwa ziwa. Uvira nzima inajua jinsi ziwa lilivyopanda na kuingia majumbani mwa watu. Gari hili lilikuwa limezama.

Nitasema ukweli: wazo langu la kwanza lilikuwa kurudisha tairi mahali pake. Hakuna aliyekuwa ameona. Nililitaka lile gari. Tena nikisema, Jean-Berchmans atakuwa ameshinda, na mimi niliyemtukana nitakuwa mjinga mbele ya kwaya nzima. Lakini gari lililozama huoza polepole kutoka ndani, nyaya kwanza, halafu injini. Lingemfia mama njiani, na akiba yake ya miaka minne ingekufa nalo. Nikachota yale makombe.

"Mama, hatununui," nilisema.

Ndugu Gracien alijaribu kutabasamu. "Weye mutoto, unataka kusema minye niko mwizi?"

"Sijasema hivyo, papa," nilijibu, kama tunavyowaita wazee wa kwetu. "Nauliza tu. Hii gari iliingia mu maji?"

"Ornella, nyamaza," alisema Tonton Térence. "Huyu iko ndugu yetu. Omba samahani, tumuombe Mungu, mambo iishe."

"Siombi samahani, tonton. Kama iko ndugu, atajibu."

Nilifungua kiganja nikayamwaga yale makombe mezani, katikati ya chupa za soda. "Hizi zilikuwa chini ya pneu ya akiba."

Ndugu Gracien alichukua kombe moja, akaligeuza kiganjani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Maji iliingia kwetu siku kumi. Ilifika mu viti. Hakuna mutu aliniuliza."

"Minye nimekuuliza."

Ndugu Gracien alisema nyumba yake ilianguka, na gari hilo ndilo tu lililombakia. Nilimhurumia kweli. Lakini sikurudi nyuma hata hatua moja.

"Pole na nyumba, papa," nilisema. "Lakini mama yangu hatalipa hasara ya ile maji."

Kisha nikafanya jambo gumu kuliko hilo. Nilivuka ua hadi langoni. "Ulisema kweli," nilimwambia Jean-Berchmans, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nilikujibu vibaya. Unisamehe."

"Kesho twende Kiringye," alisema tu. "Ile ya mwalimu pia utaipekua."

Nililipekua gari la kijivu kwa saa nzima: mkanda, kapeti, tairi la akiba, taa, breki. Mwalimu Habonimana hakununa hata kidogo. Alinishikia tochi, akanionyesha mwenyewe mahali panapovuja mafuta kidogo, na Jean-Berchmans akasema hapo ni kazi ya nusu siku. Mama akalipa. Tukakunja viti vya nyuma tukapakia nyanya, na safari hii hakuna gunia lililowekwa juu yake.

Tulipokuwa njiani kurudi, mama alinigeukia.

"Watu wananiambia nikupunguze ukali," alisema. "Minye sitaki. Jana ulimuuliza mutu mukubwa mbele ya watu, na ulifanya vizuri, kwa sababu mutu mwaminifu haogopi kuulizwa. Mwalimu umemuona leo. Lakini si hiyo ilinifurahisha zaidi."

"Ni nini basi?"

"Ile gari uliipenda, Ornella. Niliona macho yako. Kukatalia wengine ulijua tangu ukiwa mudogo, minye ndiye shahidi. Jana ulijikatalia weye mwenyewe. Ukweli unaoumiza wengine ni rahisi kuusema. Sema na ule unaokuumiza weye, ndipo watu watakuamini."

Niliendesha polepole, nikiyakwepa mashimo moja baada ya jingine. Kabla hatujafika mjini, mama, ambaye hajawahi kufumba jicho ndani ya gari lolote, alikuwa amelala fofofo kando yangu.