Mlango wa Kumi na Moja

Harufu ya chokaa mbichi ilianza Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, na katika nyumba ile hakuna aliyepaka chokaa tangu mzee Salvu, baba yake Filumena, azikwe. Filumena alinusa kuta, akanusa mashuka, akafungua dirisha. Nje upepo wa kusini ulikuwa umeleta joto la unyevunyevu, na mji mzima wa Żejtun ulikuwa umejilaza. Akasema moyoni kwamba ni uchovu. Miaka miwili ya kumgeuza mama kitandani inachosha hata punda.

"Mena," mama yake, bibi Marjanna, akaita kwa sauti ya chini. "Huyu mama aliyekaa hapa ananiuliza mimi ni wa nani."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti tu kando ya kitanda, nacho kimegeuzwa kumtazama mgonjwa.

Kwetu Malta swali hilo si baya. Mzee yeyote akikuona mgeni mtaani atakuuliza wewe ni wa nani, wala hataki jina lako. Anataka lakabu ya ukoo wenu, ajue akusalimie au akununie. Lakini bibi Marjanna hakuwa na jibu. Aliachwa mchanga, akalelewa na masista, na maisha yake yote swali hilo lilimwinamisha kichwa.

Sasa likawa linaulizwa kila mchana. Bibi hafumbi jicho, hali chakula, anatetemeka, akabaki ngozi na mifupa. Daktari akasema ni uzee. Filumena naye alikuwa amesahau usingizi ukoje. Alisinzia wima akiosha vyombo. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake alale, na kama muda wake umefika, afe kwa amani.

Ndipo akaenda kanisani kwa Grezzju, mtunza vitabu, mzee mwenye ulimi, akamsimulia habari za kiti na kumwomba amtafutie mama yake ukoo.

"Watu wananiandikia kutoka Australia, wanatafuta babu zao," Grezzju akasema akipangusa vumbi. "Wewe unaishi hatua mia mbili, umengoja mpaka nizeeke."

Kitabu cha ubatizo kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya bibi Marjanna. Mtoto wa kike, Mtaa wa Chokaa, mlango wa kumi na moja, amekabidhiwa padri na mwanamke wa nyumba hiyo. Hakutaja jina.

"Mtaa wa Chokaa uko wapi?"

"Haupo. Waingereza walibadili majina ya mitaa, na sisi wenyewe tukayabadili tena." Akavuta kitabu kingine, kinene zaidi. "Lakini padri hakujali mtaa unaitwaje. Kila mwaka kabla ya Pasaka alipita mlango kwa mlango akihesabu milango na roho, na njia yake ilikuwa ile ile. Alianzia kwenye tanuri la mikate."

Wakahesabu pamoja. Tanuri, fundi viatu, muuza maziwa ya mbuzi. Filumena aliijua milango yote, maana aliipita kila asubuhi na kikapu, na kidole cha Grezzju kiliposimama kwenye mlango wa kumi na moja akautambua: ulikuwa wa kwao, nyumba ambayo baba yake aliinunua kwa bei ya kutupa. Grezzju akafunua mwaka aliozaliwa mama, akafunua wa kabla yake, akarudi nyuma miaka arobaini mpaka mwandiko ukabadilika mara nne, na kila mwaka, kwenye mlango huo, padri aliandika maneno yale yale: imefungwa, hakuna mtu.

"Basi padri alimpokea mtoto kwa nani?" Filumena akanong'ona.

Grezzju akakifunga kitabu polepole. "Sikiliza, binti yangu. Sema uongo. Mwambie mama yako ni wa wavuvi, wa wachonga mawe, wa yeyote yule. Hicho kilichokaa kitini kinalijua jibu. Kinangoja mama yako alitamke mwenyewe. Akilitamka tu, keshakuwa wake."

Alirudi nyumbani na uongo wake mdomoni. Harufu ya chokaa ilimpokea mlangoni.

"Wewe ni wa wachonga mawe, mama."

Bibi Marjanna akamtazama. "Tangu utoto hujui kudanganya. Nimechoka, Mena. Miaka themanini na minne nainamisha kichwa. Niambie."

Filumena naye alikuwa amechoka. Mlaumuni kama mna nguvu ya kulaumu. Akainama, akamwambia sikioni kuwa aliyemkabidhi kwa padri ni mwanamke wa nyumba hii hii.

Bibi akakigeukia kiti, akatabasamu. "Mimi ni wako," akasema. Harufu ikakatika. Bibi akalala papo hapo, akikoroma kidogo, na Filumena akajitupa kwenye kitanda cha pili, akalala fofofo.

Alipoamka ulikuwa mchana wa siku ya pili. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa likakazwa kwa namna ambayo hapo nyumbani hakuna aliyewahi kutandika. Juu, orofani, ambako mama hakuwa amekanyaga kwa miaka miwili, watu wawili walikuwa wakitembea taratibu, bega kwa bega, kisha wakasimama juu ya kichwa chake, na ikasikika sauti ya mama, nyororo, yenye majivuno, kama ya bibi yeyote wa mtaani anapowataja watu wake.

"Yule aliyelala chini nimemzaa mwenyewe," alikuwa akieleza. "Kwa hiyo naye ni wako."

Hatua zikaanza kushuka ngazi, na Filumena alikuwa amechoka mno hata asiweze kukimbia.