Kwanza Sikiliza, Kisha Kwea

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Eliana alifuatana na baba yake mdogo, Barnaba, kwenye michikichi ya Minago. Barnaba alikuwa mkwezi. Yeye alikata vichala kule juu, na Eliana aliokota chikichi zilizotawanyika chini na kuzijaza ndooni. Kutoka pale kilimani ziwa lilionekana wazi, na ng'ambo yake milima ya Kongo ilikuwa bado imejifunika ukungu.

Jambo moja lilimkera Eliana. Kabla ya kukwea, Barnaba aliweka kiganja chake kwenye shina, akafumba macho, akasimama kimya kama mtu aliyesahau kilichomleta. Alifanya hivyo kwa kila mti, hata mvua ikiwa njiani.

"Baba mdogo, tutachelewa!" Eliana alilalamika. "Mti haukimbii."

"Mti haukimbii, mwanangu. Moyo wangu ndio unaokimbia. Nausubiri ufike."

Eliana, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakuwa mtu wa kusubiri. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na familia yake ilikuwa imerudi Burundi mwaka uliopita tu. Shuleni, mvulana aitwaye Boaz hakumpa nafasi ya kulisahau hilo.

"Wewe mutoto wa kambi, hema yako iko wapi?" alimwambia karibu kila siku. "Sikieni Kiswahili chake cha Tanzania! Kama redio!"

Wiki iliyotangulia Eliana alikuwa amempiga kofi mbele ya darasa zima. Direkteri wa shule alimwita mama yake, akasema maneno machache: "Akipigana tena, hata mara moja, atakaa nyumbani mpaka mwaka uishe." Njiani kurudi, mama hakumgombeza. Alitembea tu mbele yake, kichwa chini. Eliana aliona afadhali angechapwa.

Jumamosi alifika kwenye michikichi akiwa bado na hasira. "Leo nakwea mimi," alisema.

Barnaba alimtazama, akamwonyesha mchikichi mchanga, usiozidi urefu wa watu wawili. "Haya. Lakini kwanza sikiliza."

"Nisikilize nini? Mti hausemi!"

Alishika visiki vya makuti, akapanda haraka kama paka. Alipoingiza mkono kati ya makuti ya juu, kitu kama moto kilimchoma kidoleni, kisha shingoni, kisha sikioni. Nyigu! Aliteleza hadi chini, magoti yakachubuka, akakimbia huku akipiga kelele hadi kwenye kijito.

Barnaba alimfuata na kumkanda sikio kwa kitambaa chenye maji baridi. Alijitahidi asicheke, lakini mabega yake yalimsaliti.

"Walikuwepo muda wote," alisema. "Wanavuma. Ungetulia kidogo ungewasikia."

"Na wewe unawasikia?"

"Si papo hapo. Nikifumba macho, kwanza najisikia mwenyewe, moyo unagonga. Navuta pumzi taratibu, naiachia taratibu. Halafu nasikia ziwa. Halafu makuti. Mwisho nasikia kilichojificha ndani ya makuti."

Eliana aliusukuma mkono wake. "Najua unataka kusema nini. Wanitukane shuleni, nami ninyamaze!"

"Nani amekwambia unyamaze?" Sauti ya Barnaba ilikuwa kali kidogo. "Umewahi kuniona nasikiliza mti, halafu narudi nyumbani? Nikishasikiliza, nakwea."

Maneno hayo Eliana aliondoka nayo.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alichagua mchikichi wake, akaweka kiganja kwenye gome lililoparara. Siku za kwanza alisikia matusi ya Boaz tu, yakizunguka kichwani. Siku ya nne alisikia mawimbi. Siku nyingine hakusikia chochote, akaondoka amenuna. Lakini kesho yake alirudi.

Wiki ya tatu, wakati wa mapumziko, Boaz alimzibia njia mlangoni pa darasa, akamnyang'anya daftari.

"Mutoto wa kambi! Kama unalitaka, nipige!"

Wanafunzi walijaa haraka. Ngumi ya Eliana ilijikunja yenyewe. Hapakuwa na mchikichi pale, ila nyayo zake zilikuwa juu ya udongo uleule. Alivuta pumzi, akaiachia. Alisikia moyo wake, kisha vicheko. Kisha akaona kwamba kila baada ya tusi, Boaz alitupa jicho ng'ambo ya uwanja. Eliana naye akatazama. Rafiki yake Boaz, Mulamba, alikuwa amesimama mlangoni pa Direkteri, mkono juu, tayari kubisha hodi.

Kumbe! Walitaka Direkteri atoke wakati ngumi ikishuka.

"Sikupigi," Eliana alisema kwa sauti iliyofika hadi kule mlangoni. "Ndiyo, nilizaliwa kambini. Mama yangu alinizaa chini ya turubai na sioni aibu. Shule hii ni yangu pia. Siondoki, Boaz, wala leo wala kesho. Nipe daftari langu."

Alinyoosha mkono, akauacha hapohapo. Vicheko vilikatika kimojakimoja. Direkteri, aliyesikia sauti hiyo, alitoka na kumkuta Mulamba mlangoni pake.

"Unafanya nini hapa?"

"Boaz ndiye... ndiye aliyenituma, Bwana Direkteri," Mulamba alibabaika.

Boaz alirudisha daftari. Siku iliyofuata baba yake aliitwa shuleni, na Boaz aliomba msamaha mbele ya darasa, macho yakiwa sakafuni.

"Nimekusikia," Eliana alimjibu. "Nitakuamini nikiona."

Wengine waliguna, wakidhani Madamu Kaoutar, mwalimu wao, angemkemea. Madamu, ambaye kila asubuhi akija shuleni alimwona Eliana kwenye michikichi, aliweka chaki mezani.

"Ana haki ya kusema hivyo," alisema. "Wanangu, wengi hudhani mtulivu ni mnyonge. Jana mmoja wenu alikuwa na kundi zima nyuma yake, na mwingine alikuwa na pumzi zake tu. Mliona nani aliyumba. Nguvu ya namna hiyo haiji siku ya ugomvi. Hujengwa asubuhi kwa asubuhi, mahali patulivu, pasipo mtu wa kukupigia makofi. Jitafutieni mahali hapo, iwe penye maji au penye mti. Anayejua kutulia, hakuna wa kumwondoa mahali pake."