Vizibo Visivyopata Kutu

Je, umewahi kusaka kitu kibovu mpaka jasho likutoke, kumbe kinachoua ni kile kizima?

Ndivyo alivyokuwa jasusi Sindano asubuhi hiyo, saa tatu na dakika ishirini. Bastola aina ya Glock chini ya ovaroli pana, iliyomfanya mlinzi mmoja amtanie kuwa ni ya mumewe. Redio ya Motorola sikioni. Mkononi, kifaa chenye umbo la bunduki, kinachogusishwa chuma kikataja ni chuma cha aina gani.

Amri ya Mzee, mkubwa wake, ilikuwa fupi. "Saa nne kamili kiwanda kinapandisha presha ya gesi hadi mwisho. Kuna watu wamechezea vizibo. Tafuta vya bandia."

Kipoza gesi kilikuwa pipa la chuma, refu kama basi, lenye mirija mia sita ndani. Maji ya chumvi yanapita ndani ya mirija, gesi ya sumu inapita nje yake. Mrija ukitoboka, ncha zake zote mbili huzibwa kwa kizibo kinene kama kidole gumba, kinagongwa nyundo mpaka kikaze. Miezi miwili nyuma, mgeni waliyemwita Mtaalamu, mwenye viatu visivyoshika vumbi, alileta vizibo vya titani, chuma ghali kisichopata kutu. Bure. Vinang'aa kama vijiko vya bibi harusi.

Sindano alipima vilivyobaki stoo, kimoja kimoja.

Titani. Titani. Titani.

"Umepata?" redio iliuliza.

"Hakuna bandia, Mzee. Vyote halisi."

"Haiwezekani. Una dakika thelathini na tano."

Nyuma ya ukuta, karibu na bwawa la maji yanayotoka kwenye kipoza, zilikuwa nyumba za wafanyakazi. Nguo zilianikwa. Gesi ikiingia majini, itatokea pale pale.

Na mbele ya mfuniko wa pipa, spana mkononi, alisimama fundi mkuu.

Kaka yake.

Hawakuwa wamesemeshana miaka sita, tangu mazishi ya mama ambayo Sindano hakufika. Siku hiyo alikuwa nchi nyingine, kwa jina lingine. Nyumbani walijua anauza vitabu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakugeuka. "Mazishi yalishakwisha."

Neno hilo lilimchoma. Akalimeza.

"Vizibo vya titani vina ubaya gani?"

"Na wewe muuza vitabu vinakuhusu nini?"

"Mimi nitakusikiliza."

Hapo ndipo alipogeuka. Akafungua kabati lake na kutoa kopo la maziwa ya unga. Ndani, kwenye maji ya chumvi, kulikuwa na kipande cha mrija kilichozibwa kwa titani.

Kizibo kilikuwa kipya vile vile. Mrija ulikuwa umelika pande zote, mwembamba kama ganda la kitunguu. Fundi alikigusa kizibo kwa kucha. Kikadondoka.

"Miezi miwili tu," alisema. "Titani haipati kutu, lakini ukiikalisha na chuma cha kawaida kwenye chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Hapa kinatakiwa kizibo cha chuma kile kile cha mrija. Sura mbaya, sawa, ila ni ndugu yake. Meneja akanicheka. Eti darasa la saba linamfundisha mwenye digrii."

Sindano alibonyeza redio. "Mzee, wazuie! Vya bandia havipo. Uzuri wenyewe ndio mtego!"

"Chumba cha mitambo hakipokei. Wameanza mapema."

Mshale wa geji ya presha ulikuwa unapanda.

Walilirukia gurudumu la vali ya gesi pamoja. Lilikuwa la moto. Ngozi ya viganja ilibaki juu yake.

"Zungusha, wewe! Au vitabu vimekulegeza?"

"Zungusha upande wako!"

Paa!

Kizibo kilifyatuka ndani, kikagonga mfuniko kama risasi kwenye sufuria.

Kimoja tu. Vali ikafungika.

Lakini kimoja kilitosha. Bwawani mapovu yalipanda, na yule mlinzi aliyemtania Sindano kuhusu ovaroli alianguka kifudifudi. Hakuinuka.

King'ora kililia. Nyuma ya ukuta watu walikimbia na watoto mgongoni, wakiwa hai.

Getini, Mtaalamu alikuwa ndani ya Land Cruiser, barakoa ya gesi mapajani. Sindano alimwekea Glock dirishani.

"Vizibo vyangu ni halisi," alisema Mtaalamu. "Vipimeni."

"Nimevipima. Ndiyo maana nimechelewa. Na barakoa hii, ya mafua?"

Pingu zikalia.

Wakati mlinzi anafunikwa shuka, Sindano alianza kuondoka kama alivyofunzwa. Taratibu, bila kugeuka.

"Mdogo wangu!" Kaka alikuwa nyuma yake, viganja vimefungwa matambara. "Kwa hiyo kazi yako ni hii?"

"Ndiyo."

"Na siku ile ya mama?"

"Sindano," redio iliita. "Gari linakungoja. Usiongee na mtu."

Aliichomoa sikioni, akaizima. Akageuka.

"Nilitaka kuja, kaka," alisema. "Nilitaka kumzika mama."