Waliokwenda Bila Ngoma

Siwema alikuwa akimenya muhogo uani. Mama mkwe wake, Bi Mwanahalima, alikaa kwenye mkeka karibu naye, akichambua kunde. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kijijini kwao, upande wa Mzenga, wilayani Kisarawe. Miaka ile bidhaa zilikuwa za shida. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, sukari ilikuwa ya kusikia kwa watu. Nguo ndiyo usiseme.

"Siwema," Bi Mwanahalima aliita.

"Abee, mama."

"Nikifa mimi, mtanizika na nini?"

Siwema aliweka kisu chini. Swali hilo lilimchoma kila alipolisikia. Mumewe, Mwishehe, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Sanda ilitafutwa kijiji kizima, haikupatikana. Muuzaji wa duka la kijiji alisema nguo nyeupe hakuna. Mwisho Siwema alitoa kanga zake, na Mwishehe akazikwa nazo. Sheikh alisema haina ubaya, Mungu anajua shida za waja wake. Lakini moyo wa Siwema haukutulia.

Haukutulia kwa sababu nguo ilikuwepo. Wiki ile ile, gari la bidhaa lilishusha jora zima la nguo nyeupe. Siwema mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolibeba kuliingiza dukani. Aliona uzito wake kichwani. Siku chache baadaye Mwishehe akafa, na jora halipo.

Funguo za duka alikuwa nazo mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mashaka. Duka lilikuwa mali ya wanakijiji wote. Lakini mlango wa mbele ulifunguliwa kwa nadra. Mlango wa nyuma ndio uliokuwa na kazi.

"Mama, wewe hutazikwa kwa kanga," Siwema alisema. "Wala mtu mwingine hapa."

"Utafanya nini, mwanangu?"

"Tutaandamana mpaka kwa mwenyekiti."

Basi wanakijiji wakaandamana. Kuandamana walikujua vizuri sana. Miaka yote waliandamana kumpokea mgeni, au kuunga mkono azimio, au kupongeza. Ngoma hutangulia, watu hushika matawi ya mikorosho, huimba, kisha hurudi nyumbani. Na siku ile walifanya hivyo hivyo. Ngoma ilitangulia. Matawi yalipepea. Wimbo ulikuwa ule ule wa kumpokea mgeni, maana ndio waliokuwa wakiujua wote.

Ndugu Mashaka alitoka ofisini akitabasamu. Alinyoosha mkono, ngoma ikanyamaza.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeyapokea maandamano yenu ya kuniunga mkono. Kazi ya kusimamia duka ni ngumu, lakini ninyi mmeiona. Nawashukuru. Tujipigie makofi."

Makofi yakapigwa. Mikono ilikwisha kuzoea. Siwema alishtukia na ya kwake inapiga.

Alirudi nyumbani akiwa na hasira ya kutosha kupasua kuni. Bi Mwanahalima alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mmemwambia?"

"Tumempongeza, mama."

Jioni ile palikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao alikuwa Laurensia, mwanamke kutoka Songea, aliyepangiwa kazi katika shule ya kijiji. Siku hiyo hakuna aliyefungua kitabu. Kila mtu alikuwa amejikunyata kwa aibu.

"Kumbe maandamano hayana faida," alisema Mfaume, mkulima wa korosho. "Bora kila mtu alime shamba lake anyamaze."

"Yana faida," Mwalimu Laurensia alisema. "Lakini mlikwenda kumwambia nini?"

Walitazamana.

"Maandamano ni kubisha hodi," mwalimu aliendelea. "Ukibisha hodi, ukaimba, ukaondoka, mwenye nyumba atajuaje shida yako? Mazungumzo yanafanyika ndani. Na ndani ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu mzima wa kijiji hiki ni mjumbe wake. Mkutano huo unaweza kumtaka kiongozi aeleze alichofanya. Unaweza kuiondoa kamati ya duka na kuchagua nyingine."

"Mkutano anauitisha mwenyekiti," alisema Mfaume. "Na hajauitisha tangu mwaka jana."

"Anauitisha, lakini si mali yake. Mwendeeni mumwambie auitishe."

"Akisema tunafanya fujo?"

"Ndiyo maana msifanye. Mjulisheni katibu kata kabla ya kwenda. Msishike jembe wala fimbo. Msimtukane mtu. Ulizeni swali moja, kisha msiondoke mpaka apange siku ya mkutano."

Darasa likalipuka kwa maswali. Mmoja alitaka kuuliza habari za sabuni. Mwingine betri za redio. Mwingine alikuwa na kesi yake ya mbuzi. Mwalimu aliwaacha wabishane mpaka wakachoka.

"Jora," Siwema alisema. "Tulilibeba wenyewe. Tuulize limekwenda wapi. Hilo hawezi kusema hatukuliona."

Kisha Mfaume akatikisa kichwa.

"Dada Siwema, tutaambiwa tunaupinga ujamaa."

"Ujamaa ni duka la wote, kaka. Anayelifunga ndiye anayeupinga."

Safari ya pili watu walikuwa wachache. Wengine walipata safari za ghafla, wengine waliumwa na kichwa. Mfaume alikuja, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Hapakuwa na ngoma, wala matawi, wala wimbo. Walifika kwenye ofisi ya kijiji wakaketi chini, kimya. Bi Mwanahalima alikuja na mkeka wake.

Ndugu Mashaka alitoka.

"Leo hamkuja na ngoma?" aliuliza, akicheka. Alicheka peke yake.

Siwema alisimama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Jora la nguo nyeupe tulilolibeba kuliingiza dukani, limekwenda wapi?"

Mwenyekiti alikohoa. Alianza kueleza shida za taifa. Alieleza vita, akaeleza ukame, akaeleza bei ya mafuta. Alizungumza vizuri, maana kuzungumza alikuweza. Mwisho akasema, "Basi ndugu zangu, tujipigie makofi."

Hakuna mkono ulioinuka.

Siwema alirudia: "Limekwenda wapi?"

"Nyie mnataka kuleta vurugu," mwenyekiti alisema kwa ukali. "Nitaandika majina."

"Andika," Siwema alijibu. "Siwema binti Adamu, mjane wa Mwishehe."

"Na langu uliandike vizuri," alisema Bi Mwanahalima kutoka mkekani. "Kwenye daftari la duka mlilikosea."

Mfaume alicheka bila kutaka. Hofu ikampungua, na kicheko hicho kikawapunguzia na wengine. Jua lilipanda. Waliokuwa wamekaa nyumbani walisikia kimya kile, wakaja kutazama, na waliokuja kutazama nao wakaketi. Ndugu Mashaka aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alipotoka mara ya mwisho alikuwa mpole.

"Mkutano utakuwa Ijumaa, baada ya sala," alisema.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Katibu kata alikuja, akaketi mbele. Siwema aliuliza swali lake lile lile. Ndugu Mashaka alisema jora lilitengwa kwa ajili ya wageni wa kijiji.

"Wageni gani hao wanaokufa wengi hivyo?" mzee mmoja aliuliza.

Watu waliangua kicheko. Muuzaji wa duka, Melkiori, hakucheka. Alisimama, akatazama chini.

"Mimi niliambiwa nifungue mlango wa nyuma," alisema. "Nikafungua. Gari lilikuja, likalichukua. Lilikwenda Maili Moja, kuuzwa kwa magendo."

Siwema alitamani kulia, lakini hakulia. Alinyoosha mkono akatoa hoja, kama mwalimu alivyowafundisha. Ichaguliwe kamati mpya ya duka. Bidhaa zikija, zitangazwe na kushushwa mbele ya watu. Na nguo nyeupe iwekwe akiba ya misiba, ya Waislamu na ya Wakristo. Mikono ikainuka, ya wanawake kwa wanaume. Ndugu Mashaka akatoa funguo mfukoni akaziweka mezani.

Tusidanganyane. Jora lile halikurudi. Sukari nayo iliendelea kuwa ya shida, kwa kuwa maandamano hayashushi sukari kutoka mbinguni. Ndugu Mashaka aliendelea kuwa mwenyekiti mpaka uchaguzi ulipofika, ndipo wanakijiji wakamchagua mtu mwingine. Lakini kilichokuja kijijini, kidogo au kingi, kilipita mlango wa mbele.

Wakati wa masika jirani yao mmoja, Mzee Abeid, alifariki. Sanda ilitoka dukani kabla jua halijawa kali. Alizikwa katika nguo nyeupe, safi. Siwema alipotoka msibani alijifungia chumbani akamlilia Mwishehe upya. Kisha alinawa uso, akaenda kupika.

Yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza kamati ya duka. Kazi aliifanya vizuri. Lakini palilio lilipopamba moto, alihamia shambani na funguo akaondoka nazo. Nyuma huku gari likaja. Mizigo ilishushwa mbele ya watu, ikaingizwa stoo ya shule, duka likabaki limefungwa.

Siwema aliporudi, jembe begani, alikuta watu wameketi mbele ya duka. Hapakuwa na ngoma. Mbele yao, juu ya mkeka, alikuwa Bi Mwanahalima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kiongozi wa kamati. Gari lilikuja juzi. Duka limefungwa kwa nini?"

Siwema alitaka kucheka, akatafuta mtu wa kucheka naye. Hakumwona. Aliwatazama mmoja mmoja: Mfaume, Mwalimu Laurensia, Melkiori, mama mkwe wake anayekula naye sahani moja. Wote walikuwa wakisubiri.

Akatua jembe chini, akasimama mbele yao, akaanza kujibu.