Maji Yaliyoacha Kupungua

Ijumaa, saa 1:20 asubuhi, Mwalimu Euphrasia alifungua mashine ya kutotolesha mayai ya shule yao, karibu na Mhunze wilayani Kishapu, akakuta kimya. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili. Kati ya mayai tisini, mengine yalikuwa yametobolewa tundu dogo kwa ndani, lakini hakuna kifaranga hata mmoja aliyetoka.

Kufikia saa 3 mwalimu mkuu, Benjamini, alishampata mkosaji. Alikuwa mlinzi Pantaleo, ambaye huchaji simu za watu kwa umeme wa shule. Mkuu alisema mbele ya darasa la tano kwamba mlinzi alichomoa mashine ili apate soketi. Barua ya kumfukuza ingesainiwa saa 6 mchana. Pantaleo alikuwa na miaka kumi na moja kazini na hakuwa na kazi nyingine.

Mzee Mihayo wa kamati ya shule aliomba muda wa kukagua. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Isaka, na hakuamini kitu asichokishika kwa mkono wake. Tena alikuwa na hasira. Mwezi wa kwanza aliwaambia wanakamati kwamba katika nchi kavu kama hii unyevu ndio utakaowashinda. Walitikisa vichwa, wakaendelea na ajenda ya madawati.

Alivunja yai moja. Kifaranga alikuwa ametimia, ila ngozi ya ndani ya yai ilikuwa imekauka kama karatasi na kumganda manyoyani.

"Huyu hakufa kwa baridi," alisema. "Amebanwa humo humo."

Kisha aliangalia saa ya mashine. Umeme ukikatika, saa hiyo hurudi sifuri. Ilisoma siku ishirini na mbili, bila kukosa hata moja. Pantaleo hakuwa amechomoa kitu. Mkuu alijibu kwamba mlinzi ana ujanja mwingi, akaendelea kuandika.

Mihayo alifungua daftari la vipimo. Hadi siku ya kumi na saba unyevu ulikuwa asilimia hamsini na tano. Siku ya kumi na nane, ulipotakiwa kupanda hadi sitini na tano au zaidi, ulishuka hadi thelathini na moja, na kila siku ukazidi kushuka. Pembeni palikuwa na neno moja: kibovu.

Euphrasia alieleza kwamba sinia ya maji chini ya mayai ilikuwa imejaa tele, kwa hiyo aliona kipimo ndicho kimeharibika. Mama Hosiana, mpishi, ndiye aliyeleta maji kila asubuhi, karibu lita nzima. Ila tangu Jumatatu alisema hakuna haja, hayapungui.

"Kishapu hii, mwezi wa tisa, maji hayapungui?" Mihayo aliuliza. "Na wewe mwalimu ukaandika kipimo ni kibovu."

Mzee alichovya kidole ndani ya sinia. Kilitoka kinang'aa, kinanukia mafuta ya pamba. Mafuta hayo yalikuwa stoo ya jikoni tu, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, mkononi mwa mpishi.

Saa 5:35 Mihayo, Euphrasia na mkuu walikuwa jikoni.

"Mayu, mama yetu, ulimwaga mafuta kwenye sinia ya mashine?" Mihayo aliuliza.

Mama Hosiana hakuacha kukoroga uji. "Nilimwaga. Vijiko vinne."

"Kwa nini?"

"Mkuu alitoa dumu sita za maji kwa siku, za uji na za mashine humo humo. Mashine ikinywa lita, watoto wanne wanakosa kikombe. Sufuria yenye mafuta juu haikauki upesi, kila mpishi anajua. Nikaona mashine ina maji yake, na watoto wana yao."

"Maji yasipokauka yakawa mvuke, mayai hayapati unyevu," mzee alisema.

"Hilo mliniambia lini?"

Mkuu alitoa kalamu, akasema basi barua itabadilishwa jina.

"Anza na lako," Mihayo alisema. "Wewe ndiye uliyegawa dumu."

Benjamini aliikunja barua, akaitia mfukoni.

Wanafunzi walipokwisha kunywa uji na kutawanyika, Pantaleo alikuwa getini. Mihayo alimweleza kila kitu, akamwambia aendelee na kazi.

"Shikamoo, mzee, na asante," Pantaleo alisema. "Darasa la tano limeshaenda nyumbani. Huko atakwenda nani kuwaambia kwamba sikuchomoa?"